Nusu Nyingine Iko Wapi?

Mwaka wa pili, kipindi cha saa nane mchana. Wadau mnaujua ule muda: ukumbi mzima umeshiba wali maharage, feni moja inazunguka na tatu zimekufa, nusu ya darasa inapigana na usingizi na nusu nyingine imeshasalimu amri. Somo lilikuwa sumakuumeme. Dokta akachora ubaoni mstari mmoja wima, chini yake akaweka mstari mlalo, akatugeukia.

"Hii ni antena ya wima, kama minara ya redio za masafa ya kati. Mnachokiona hapa ni nusu yake tu. Nusu nyingine iko wapi?"

Kimya. Jamaa mmoja wa mbele akajaribu: "Kwenye redio ya msikilizaji?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Jibu nilikuwa nalijua toka darasa la nne, ila sikuwa najua kama ni jibu. Nusu nyingine niliiuza mimi, kwa shilingi elfu nne na mia tano.

Nilikulia kwa mjomba, kwenye mji mdogo wa pwani ambao sitautaja, na redio yenyewe sitaitaja. Mjomba alikuwa mlinzi wa kituo cha kurushia matangazo, nje kidogo ya mji. Palikuwa na nyumba moja ya matofali yenye mitambo, jenereta lililonguruma umeme ukikatika, na mnara mrefu mwekundu na mweupe ulioshikwa na waya za chuma pande zote. Kilichotushangaza watoto ni kwamba mnara ule haukugusa ardhi. Ulisimama juu ya kitu cheupe cha kauri, kama chungu kilichofunikwa. Mjomba alitukataza hata kusogea uzio wake. "Mnara mzima una umeme," alisema. "Ukiugusa umesimama chini, unaungua."

Kuzunguka uzio huo mdogo kulikuwa na uwanja mkubwa mtupu, majani mafupi na mchanga. Hakuna aliyelima wala kujenga. Mbuzi walichunga pale na sisi tulicheza mpira, na mjomba alituacha. Yeye alilinda nyumba, jenereta, mafuta ya jenereta na mnara. Uwanja ulikuwa uwanja tu.

Siku moja tuliamua kutengeneza magoli ya kueleweka badala ya kupanga ndala. Tukaazima jembe, tukaanza kuchimba shimo la nguzo. Jembe likagonga kitu. Ulikuwa waya, umefanya ukijani, umelala chini kiasi cha shubiri moja. Tukauvuta. Mchanga ule ni laini, waya ukawa unafumuka kama shina la viazi vitamu, huku na huku, mpaka upande mmoja ukakoma na upande wa pili ukaingia chini ya uzio wa mnara. Hapo tukaukata kwa kuupinda na kuupindua. Tukausugua kwa mchanga, ukang'aa. Shaba tupu.

Muuza skrepa alikuwa anapita na baiskeli na mzani wake wa kuning'iniza. Kilo tatu. Akatupa elfu nne na mia tano, tukagawana watatu, elfu na mia tano kila mtu. Mimi nilinunua mandazi, na chenji nikaificha ndani ya daftari la hesabu. Kabla hajaondoka akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wenzangu: "Mmeutoa wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha. Nikamnyooshea na kidole kabisa.

Miezi miwili mitatu baadaye uwanja ulikuwa na mifereji kama shamba lililoandaliwa kwa matuta. Walikuwa wanakuja usiku, watu wazima, na sisi hatukuwemo. Siku mafundi walipokuja kutoka makao makuu, wakafukua na kuhesabu, mjomba aliitwa ofisini. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akiwa amebeba koti lake la mvua na chupa yake ya chai. Walisema ama alikuwa amelala ama alikuwa anagawana na wezi. Sikusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi, halafu nikawa na kumi na moja, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa ngumu zaidi kusema.

Basi, turudi ukumbini. Dokta alilijibu swali lake mwenyewe: "Nusu nyingine iko ardhini."

Nitaeleza kama nilivyoelewa, na wale wa sanaa msikimbie, hesabu ni chache. Mkondo ukipanda kwenye mnara lazima uwe na njia ya kurudi, na unarudi kupitia ardhi iliyo chini ya mnara. Kama ardhi ingekuwa bati moja kubwa la shaba, ingefanya kazi kama kioo. Chini ya mnara pangekuwa na mnara wa pili, wa kufikirika, miguu juu kichwa chini, na hiyo miwili pamoja ndiyo antena kamili. Ndiyo maana mnara unaweza kuwa robo tu ya urefu wa wimbi. Kwa redio ya kilohezi 1,000, wimbi lina urefu wa mita 300, kwa hiyo mnara wa mita 75 unatosha, ardhi inajazia iliyobaki.

Tatizo ni kwamba ardhi si bati. Udongo unapitisha umeme, ila kwa shida, na penye shida pana joto. Maji ya bahari yana upitishaji wa simensi 5 hivi kwa mita. Udongo wa kawaida ni kama 0.005, na mchanga mkavu unashuka hadi 0.001. Kwa masafa yale ya kilohezi 1,000, mkondo unaweza kuzama mita 7 kwenye udongo wa kawaida kabla haujapungua hadi kubaki theluthi na ushee. Baharini hauzami hata sentimita 25. Ule mkondo unaohangaika ndani ya udongo unapasha mchanga moto. Ni umeme wa kituo, unalipiwa bili, na unaishia kuwachemsha mchwa.

Dawa yake inajulikana siku nyingi. Unafukia nyaya za shaba kuanzia chini ya mnara kwenda nje pande zote, kama njiti za gurudumu la baiskeli, ili mkondo urudi kupitia shaba. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya RCA kule Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha majaribio waliyofanya shambani, wakifukia nyaya kidogo kidogo, kuanzia 2 mpaka 113, na kupima kila hatua. Wao walionyesha kwamba nyaya chache, hata ukizirefusha, hazikupi faida kubwa, zinatakiwa nyingi. Desturi iliyoenea baada ya hapo ni nyaya 120, moja kila nyuzi 3 za duara.

Dokta alipoandika 120 ubaoni nilishusha kalamu. Jioni, kwenye kimbweta, nikafungua upya daftari peke yangu. Nyaya 120, kila moja mita 75, ni kilometa 9 za shaba chini ya kiwanja chetu cha mpira. Nikikadiria unene wa milimita 2.6, ambao ndio ninaoukumbuka vidoleni, hiyo ni zaidi ya kilo 400. Waya mmoja unakaribia kilo tatu na nusu. Kwa hiyo kilo tatu zetu zilikuwa karibu waya mmoja mzima.

Kiukweli niliona nafuu. Mmoja kati ya 120! Nikaendelea na hesabu nikitafuta nafuu zaidi, kama mtu anayetafuta maksi za kukwepa supu. Mnara wa robo wimbi una ukinzani wa mrusho wa omu 36 hivi. Huo ndio ukinzani mzuri, unaogeuza umeme kuwa wimbi linaloondoka. Ardhi inaongeza ukinzani wake, ambao ni hasara tupu. Tuseme nyaya zote zikiwepo ardhi inaongeza omu 2: ufanisi ni 36 gawa kwa 38, karibu asilimia 95. Tuseme zimebaki kumi na kitu, na ardhi sasa inaongeza omu 12: ni 36 gawa kwa 48, asilimia 75. Na nguvu ya wimbi inayofika redioni haifuati kilowati moja kwa moja, inafuata kipeuo chake cha pili. Kwa hiyo kwa msikilizaji wimbi limepungua kama asilimia 11 tu. Kumi na moja! Mtu hawezi hata kugundua.

Lakini Bibi aligundua.

Bibi, mama yake mjomba, aliishi ndani kabisa, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka pwani, kwenye mikorosho. Redio yake ilikuwa ya mbao na betri nne, na alisikiliza matangazo ya vifo kila jioni, kila mtu akinyamazishwa. Mwaka ule redio yake ilianza kukoroma. Bibi akasema betri. Akawa anazianika juani juu ya bati kama dagaa, anazirudisha, redio inakoroma. Akanunua mpya, inakoroma. Alikuwa anaigeuza taratibu, sikio limekaa juu yake, mpaka apate pembe ambayo sauti inatoka kidogo, kisha anatukataza kuigusa. Mwishoni aliacha kuiwasha. Habari za misiba zikawa zinamfikia watu wameshazika.

Asilimia 11 haiwezi kufanya hivyo. Nikaenda na daftari ofisini kwa Dokta. Sikumwambia habari ya skrepa. Nilisema ni swali tu nimejitungia. Aliangalia hesabu yangu akasema iko sawa, ila nimeuliza nusu.

Kwanza, alisema, mtambo haujui habari ya ufanisi. Mtambo umewekewa kifaa cha kuulinganisha na antena ya omu 38. Ukiiba nyaya, unaona omu 48, na mvua ikinyesha inabadilika tena, maana sasa antena imeuegemea udongo wenyewe. Umeme usiopokewa unarudi nyuma kwenye mtambo. Mitambo mingi ya kisasa ikiona hivyo inajipunguza yenyewe isiungue, au mafundi wanaishusha kwa mkono. Ukishusha nguvu hadi robo, msikilizaji anapata nusu ya wimbi. Zidisha kwa ile hasara yako ya kwanza: amebakiwa na pungufu ya nusu.

Pili, akauliza, huyo msikilizaji wako yuko upande gani?

Hili ndilo lililonikamata. Zile nyaya zinatibu ardhi ya karibu tu, mita zile 75 na kidogo zaidi. Baada ya hapo wimbi liko peke yake na ardhi ya Mungu. Linasafiri limeshikamana na uso wa nchi, na mguu wake unaburuzika udongoni. Udongo mbaya unaula mguu ule, wimbi linainama mbele kama mtu anayetembea kwenye mchanga mzito, na kila kilometa linaacha kitu chini. Ardhi hiyo huwezi kuifukia shaba. Ungehitaji shaba ya nchi nzima. Juu ya bahari hali ni nyingine kabisa, wimbi linateleza. Hapo nikawakumbuka wavuvi wa kwetu, waliokuwa wanarudi alfajiri wakisimulia taarifa ya habari waliyoisikia huko nje, mbali, bara halionekani. Sisi tulidhani ni kwa sababu baharini hakuna kelele. Kumbe redio ile ile, mnara ule ule, upande mmoja ulikuwa na bahari na upande wa pili ulikuwa na mchanga mkavu wa mikorosho na Bibi mwishoni mwake.

Kwa hiyo Bibi alikuwa ukingoni toka zamani. Alikuwa anasikia kwa sababu kila kitu upande wa mnara kilikuwa kamili. Mchanga wa njiani haukuwa kosa la mtu. Ule uwanja ulikuwa kosa la mtu, na huwezi kusema waya wetu mmoja ndio uliomnyamazisha, lakini kidole nilichonyoosha kilikuwa changu.

Mwaka huu TP nilipangiwa sekondari ya jirani na nyumbani. Nikafikia kwa mjomba. Kwa sasa ana duka la mkaa na mihogo mibichi, ameota mvi, na bado ana lile koti la mvua. Wiki ya tatu nilifundisha kidato cha tatu sumaku, nikarudi jioni, nikamkuta barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, umewapiga?"

"Siku hizi hatupigi."

"Sasa wanasomaje?"

Tukacheka kidogo, nikakaa. Sikuwa na hotuba. Nilichukua kijiti nikachora mchangani kile alichochora Dokta: mstari wima, mstari mlalo. Nikamweleza habari ya nusu ya pili, nyaya, 120, kila moja ilikuwa na kazi gani. Nilimfundisha kama ninavyofundisha darasani, na nadhani nilikuwa najificha humo ndani ya somo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema kwa sauti ya chini:

"Kumbe zile zilikuwa antena."

"Ndiyo, mjomba."

"Mimi waliniambia ni za radi." Akanyamaza. "Miaka kumi na sita nimekaa pale. Fundi mmoja tu ndiye niliwahi kumuuliza, akasema ni ethi, za radi. Nikajua radi ikija mnara una waya zake, basi. Hakuna aliyeniambia lindeni uwanja. Ningejua, wewe na mpira wako mngecheza pale?"

Hapo ndipo nilitegemea hasira, au machozi, sijui. Nilichoona ni mtu anahesabu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anaamini alifukuzwa kwa sababu ya nyaya ambazo hazikuwa na maana yoyote, kwamba walikuwa wanatafuta sababu tu. Hiyo imani ilikuwa imemsaidia kuishi. Mimi nikawa nimeitoa, na bado sijasema la kwangu.

Nikalisema. Goli, jembe, waya, muuza skrepa, kidole. Nilitaja na mandazi. Jirani alikuwa anapita na ndoo, akasalimia, tukamwitikia wote wawili kana kwamba hakuna kitu.

"Alikupa shilingi ngapi?"

"Elfu nne mia tano. Tulikuwa watatu."

"Aliwapunja," akasema. Halafu hakusema kitu tena mpaka chakula kikaja. Tulikula kimya, samaki wa nazi, na alinisogezea kichwa cha samaki kama kawaida yake. Sikujua nisome nini kwenye kichwa cha samaki. Nilimuuliza tu, wakati tunanawa, kama mafundi waliushusha mtambo baada ya pale.

"Waliushusha. Ile sindano ya kwenye mtambo ilikuwa inakaa huku," akaonyesha kwa mkono, "ikawa inakaa huku." Robo, au pungufu yake. "Walisema ni ya muda, mpaka shaba mpya ije. Mimi nikawa nimeondoka."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Aliniamsha alfajiri twende shambani kung'oa mihogo ya dukani. Njia inapita kwenye kituo kile. Nyumba imefungwa kufuli, mnara upo, rangi yake imekuwa moja tu, kutu. Uwanja nusu yake watu wamejenga, na nusu iliyobaki bado kuna watoto na magoli yao. Mjomba akasimama. Akakwangua mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Ulikuwa chini kiasi gani?"

Nikanyoosha kidole gumba na kidole kidogo, shubiri moja, nikamwonyesha. Aliuangalia mkono wangu kwa muda.

"Kiasi hicho tu," alisema. Kisha akaweka jembe begani, tukaendelea na safari.